Na yule mdudu mwenyewe, haumwi?

Ukitaka kumuona vizuri mdudu anayeeneza ugonjwa mbaya wa michungwa inabidi uwe na lenzi ya mkono na uvumilivu kidogo. Unaenda kwenye mchungwa unaochipua, unashika chipukizi la juu kabisa, lile ambalo majani yake bado ni laini na yamejikunja, unalifungua taratibu kwa kucha, na kama wapo utawakuta humo humo wamejibanza. Mkubwa ana milimita 3 au 4 tu, rangi ya kahawia na madoadoa kwenye mbawa, na ana pozi moja la ajabu, anainamisha kichwa kwenye jani alafu makalio yote yanabaki juu, digrii 45 hivi, ukishaliona hilo pozi mara moja humsahau tena. Watoto wake, yaani tunutu, ni bapa, wa njano inayoelekea uchungwa, na kwa nyuma wanatoa vinyuzi vyeupe vya nta vilivyojisokota. Mayai yapo kwenye mikunjo ya jani, ya njano, yamechongoka kidogo. Familia nzima imetulia inanyonya.

Huyo ndo Diaphorina citri, silidi wa machungwa wa Asia. Peke yake wala sio balaa kubwa kihivyo, atakunja majani machanga, ataacha utamuutamu unaoota ukungu mweusi, basi. Balaa ni kile anachokibeba. Kule Florida, Marekani, walimuona kwa mara ya kwanza 1998, na miaka saba baadae, 2005, ukaonekana ugonjwa wenyewe, huu tunaouita griningi, Wachina wanauita huanglongbing. Msimu wa 2003/04 Florida walivuna masanduku ya machungwa kama milioni 242, na sanduku lao moja ni kilo 40 na ushee. Msimu wa 2024/25 wamevuna kama milioni 12. Sawa, vimbunga navyo vimechangia, na watu kuuza mashamba wakajenga nyumba imechangia, ila mtu yeyote wa kule ukimuuliza nani kaua machungwa atakutajia griningi kabla hujamaliza swali.

Na hakuna dawa ya kuuponya. Tangu 2022 wanaruhusiwa kuchoma miti sindano ya antibayotiki kwenye shina, unatoboa mti unaingiza oksitetrasaiklini, na mti unapata nafuu, ila kupona haponi mtu hapo.

Sasa mi ni mwalimu wa baiolojia, nipo Tanga, na mjomba wangu ana michungwa Muheza, kwa hiyo mnaweza kuelewa kwanini mada hii inanikaa kichwani. Siku moja nipo shambani kwake namuelezea hii habari yote, mdudu ananyonya mti mgonjwa, anahama na vimelea, ananyonya mti mzima, anaacha vimelea, mti unaanza kunyong'onyea. Mzee kanisikiliza vizuri tu, alafu akaniuliza, "Sasa mjomba, na yule mdudu mwenyewe, haumwi?"

Nimefundisha vekta, yaani wadudu wanaobeba magonjwa, miaka mingi, mbu na malaria, ndorobo na malale, na kuna picha moja ambayo karibu wote tunaibeba kichwani bila kuihoji, kwamba mdudu ni kama bodaboda, kapewa kifurushi kakifikisha, kilichomo ndani hakimhusu. Vitabu vyetu vya shule navyo vinachora mshale kutoka mgonjwa kwenda kwa mdudu, mshale mwingine kutoka kwa mdudu kwenda kwa mgonjwa mpya, mwisho wa habari. Swali la mjomba linauliza kile kilichopo katikati ya mishale miwili. Na kilichopo pale kati, nikaja kugundua nilipoanza kusoma, ndo sehemu tamu kuliko zote.

Tuanze na kimelea. Jina lake kamili ni Candidatus Liberibacter asiaticus, na hilo neno Candidatus pale mbele lina maana kwamba mpaka leo hajaweza kuoteshwa peke yake maabara kwenye sahani kama bakteria wengine tunavyofanya. Anaishi sehemu mbili tu, ndani ya floemu ya mti (ile mirija inayosafirisha sukari kutoka kwenye majani) na ndani ya mwili wa silidi. Mwaka 1970 Wafaransa walimuona kwa hadubini ya elektroni ndani ya floemu, kwa muda wakadhani ni kitu cha jamii ya maikoplazma (bakteria wasio na ukuta), baadae ikajulikana ni bakteria kamili mwenye ukuta. Sasa kama huwezi kumuotesha utasomaje DNA yake? Walichofanya, na hii ilitoka 2009, walichukua silidi mmoja aliyejaa maambukizi, mmoja tu, wakasoma DNA yote iliyokuwemo alafu wakachambua ipi ya mdudu ipi ya bakteria. Wakapata jenomu, yaani DNA yake yote, ndogo sana, kama herufi milioni 1.23. Ya silidi mwenyewe ni kama milioni 480.

Jenomu ndogo hivyo ina maana jamaa katupa vitu vingi, anategemea mwenyeji wake. Na kuna kitu kimoja amekibakiza ambacho mi kilinishtua. Ana protini kwenye utando wake inayoweza kuvuta ATP, ile nishati iliyokwisha kutengenezwa, moja kwa moja kutoka kwenye seli ya mwenyeji. Yaani hanyang'anyi chakula peke yake, ananyang'anya hata nishati ambayo mwenzake kashahangaika kuitengeneza.

Safari yake ndani ya mdudu iko hivi. Anaingia na utomvu kupitia mdomo ule mwembamba kama sindano, anafika kwenye utumbo, na hapo ndo kuna kazi, kwasababu lazima apenye ukuta wa utumbo aingie kwenye damu ya mdudu, azunguke mwilini, afike kwenye tezi za mate, na humo njiani anaongezeka idadi. Asipofika kwenye mate mdudu hawezi kuambukiza hata akiwa na bakteria kibao tumboni. Kwahiyo utumbo ndo geti la kwanza. Na watafiti wengi wameweka kambi hapo, hasa kundi moja la Ithaca, New York, kwenye taasisi ya Boyce Thompson na wenzao wa idara ya kilimo ya Marekani.

Walipowapasua silidi wakubwa waliolelewa kwenye miti yenye ugonjwa na kuutazama utumbo kwa hadubini, baada ya kupaka rangi inayong'arisha DNA, waliona viini vya seli havipo sawa. Kwa silidi mzima kiini ni duara safi lenye mpaka. Kwa walioambukizwa viini vingi vimesinyaa au vimekatika vipandevipande, DNA imetawanyika, nyuzi za ndani zinazoishikilia seli nazo zimevurugika. Kwa lugha nyingine seli zinajiua. Kujiua kwa seli huku sio ajali, ni programu, ipo kwenye jeni zetu wote, seli ikiona mambo yamekua mabaya inawasha mtambo wa kujimaliza yenyewe ili tatizo lisisambae. Matokeo hayo yalitoka 2016. Kwahiyo jibu la kwanza kwa mjomba, ndio mzee, anaumwa, tena tumbo.

Ila hapo hapo kuna utata mtamu. Walipowapasua watoto wao, wale tunutu wa njano wenye vinyuzi, waliolelewa kwenye miti hiyo hiyo yenye ugonjwa huo huo, viini vya utumbo vilikua salama. Safi kabisa. Bakteria wamo, seli zimetulia.

Hebu fikiria maana yake. Muda mrefu kabla ya hapo watu walikua wanajua kwamba silidi akimpata bakteria akiwa mtoto, akikua anakuwa muambukizaji mzuri sana, ila akimpata akiwa mkubwa tayari, mara nyingi anakuwa mbovu kwenye kazi ya kuambukiza. Hilo lilikua linajulikana kwa kuhesabu tu, unaweka wadudu kwenye miche unaona mingapi inaugua. Sasa hapa tunaanza kuona sababu inayowezekana. Utumbo wa mkubwa unapigana, unaua seli zake wenyewe ili kuzuia, wa mtoto unampokea mgeni bila fujo. Nasema "inayowezekana" kwasababu utumbo wa mtoto na wa mkubwa unatofautiana kwa mengi, ila mi binafsi naona ndo maelezo yanayokaa vizuri kuliko yote niliyosoma.

Na ukienda kwenye jeni zenyewe unaona mgawanyiko huo huo. Siku hizi unaweza kuchukua mdudu ukasoma RNA zake zote kwa mkupuo, na RNA ndo inakuonyesha jeni zipi zimewashwa saa hiyo na kwa kiasi gani, maana DNA haibadiliki ila kinachosomwa kutoka kwenye DNA kinabadilika kila saa kutegemea na hali. Mwaka 2015 kuna utafiti walilinganisha wakubwa na watoto, wenye bakteria na wasionao. Kwa wakubwa jeni zilizoyumba zaidi zilikua za lishe na umetaboli (jinsi mwili unavyotumia chakula). Kwa watoto zilikua za ukuaji na za kinga. Yaani bakteria ni mmoja, spishi ya mdudu ni moja, ila umri tu unabadilisha mazungumzo yote. Utafiti mwingine wa 2017 ulioangalia utumbo peke yake ukakuta protini nyingi zinazohusiana na mitokondria zimeguswa, na mitokondria ndo kiwanda cha ATP. Ukikumbuka ile tabia yake ya kuvuta ATP ya wenzake, hapa mtu unaanza kujenga hoja mwenyewe kichwani (mi nimeshaijenga, ila naiacha hapo).

Sasa mtu atauliza, kwani mdudu hana kinga? Anayo, ila ina pengo. Wadudu hawana kingamwili kama sisi, wana njia zao, na kwa nzi wadogo wa matunda wale wa maabara, ambao ndo mwalimu wetu kwenye mambo haya, kuna njia inaitwa IMD ambayo kazi yake kubwa ni kupambana na bakteria wa aina ya Gram-hasi (moja ya makundi makubwa ya bakteria). Liberibacter ni Gram-hasi. Walipoichambua jenomu ya silidi, kazi ambayo sehemu kubwa ilifanywa na wanafunzi wa chuo wakikagua jeni moja moja kwa mkono (hapa nawapongeza sana, ningetamani wanangu wa form six wapate nafasi kama hiyo), wakakuta sehemu nyingi za hiyo njia ya IMD hazipo. Hazijazimwa, hazipo kabisa. Vidukari nao wako hivyo hivyo.

Kwanini mdudu aishi bila silaha kama hiyo? Maelezo yanayopendwa ni kwamba silidi anaishi kwa kutegemea bakteria wengine wema waliomo mwilini mwake. Utomvu wa floemu ni sukari tu, protini karibu hamna, kwahiyo ana bakteria anaitwa Carsonella anayemtengenezea amino asidi (vijenzi vya protini), tena anaishi kwenye kiungo maalum tumboni kilichojengwa kwa ajili yake. Pembeni yake kuna mwingine, Profftella, huyu anatengeneza sumu inaitwa diaforini, inaonekana ni ulinzi. Na kuna Wolbachia, yule maarufu wa kwenye mbu. Nyumba yenye wapangaji wote hao huwezi kuweka mtego unaoua kila bakteria. Na mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya wema ndo huo huo anaopitia mbaya.

Hapo kuna kitu kingine kidogo nimekipenda. Silidi wana rangi za tumbo tofauti, kuna wa kijivu-kahawia, wa njano-chungwa, na wa bluu-kijani. Ule ubluu unatokana na protini inaitwa hemosianini, yenye madini ya shaba ndani yake, ndo hiyo hiyo inayofanya damu ya kaa na pweza iwe na ubluu. Kwa silidi wanaokutana na Liberibacter protini hii huwa inapanda, na wale wa bluu walipopimwa walikutwa na bakteria wachache kuliko wenzao. Kwahiyo huenda hemosianini ni sehemu ya kinga pia. Yaani unaweza kumuangalia mdudu kwa lenzi ukabahatisha nani kabeba mzigo mdogo, kwa rangi tu. Sio kipimo cha kutegemea shambani jamani, msije mkaniletea picha za matumbo ya wadudu inbox.

Mpaka hapa ungesema basi bakteria huyu anamuumiza mdudu. Lakini.

Silidi jike mwenye Liberibacter anataga mayai mengi zaidi kuliko asiye naye. Hili limeonekana Florida, limeonekana China. Wale wa Florida waliochapisha 2016 walikuta wanazaa zaidi ila wakubwa wanaishi muda mfupi zaidi. Ni kama mtu anayetumia akiba yote ya maisha kwa haraka. Na kwa bakteria hiyo ni biashara nzuri, mdudu aishi miezi mingi wa nini, cha muhimu aongeze watoto wengi ambao watazaliwa juu ya mti ule ule wenye ugonjwa na kumpokea wakiwa wadogo, umri ule ambao utumbo haupigani.

Anafanyaje? Hapa ndo ile kazi ya China iliyotoka 2024 ilinifanya nisome mpaka usiku. Wadudu wana homoni inaitwa AKH, kazi yake ni kutoa mafuta kwenye ghala yatumike kama nishati, ndo inayomuwezesha nzige kuruka masafa marefu. Ili ifanye kazi inahitaji kipokezi chake kwenye seli. Na kuna kipande kifupi cha RNA, maikro-RNA namba 34, ambacho kazi yake ni kukibana hicho kipokezi kisitengenezwe kupita kiasi. Kwenye ovari (viungo vya kutengeneza mayai) za silidi walioambukizwa, hicho kibano kinapungua. Kibano kikilegea kipokezi kinaongezeka, AKH inasikika kwa nguvu zaidi, mafuta yanapelekwa kwenye kutengeneza mayai, mayai yanaongezeka. Na hawakuishia kuangalia tu, walizima jeni ya AKH kwa mbinu ya RNAi, yaani unamlisha mdudu RNA ya nyuzi mbili inayofanana na jeni unayotaka inyamaze, na seli zake zenyewe zinaenda kuikata. Mafuta yakarundikana bila kutumika, mayai yakapungua, na bakteria waliomo kwenye ovari nao wakapungua.

Hicho cha mwisho ndo cha kukizingatia. Njia ile ile inayomuongezea mdudu mayai ndo inamuongezea bakteria nafasi. Wote wawili wanafaidika kwenye ovari, huku kwenye utumbo wanapigana. Mwili mmoja, vyumba viwili, mahusiano mawili tofauti. Kazi zilizofuata zimeongeza hata dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini, kwenye huo mnyororo.

Na hii sio sheria ya bakteria wote wa jamii hii. Kuna ndugu yake, Liberibacter wa viazi, anayebebwa na silidi wa viazi kule Amerika, yeye utafiti wa 2012 ulionyesha mdudu wake anazaa kidogo na watoto wanakufa zaidi. Kwahiyo ukisikia mtu anasema "vimelea huwa vinamsaidia vekta" au "vimelea huwa vinamdhuru vekta" muulize kwanza, yupi na yupi.

Kuna na tabia. Mti wenye griningi unatoa harufu ya methili salisileti, kwa wengi wetu ni ile harufu ya dawa ya kuchua misuli, na silidi wanaifuata. Wakifika wanakuta chakula hakina lishe, wanakaa kidogo, wananyonya, alafu wanahamia mti mzima. Na wenye bakteria wana hamu ya kuruka zaidi kuliko wasionao. Kuna hata maambukizi ya ngono, dume mwenye bakteria anaweza kumpa jike wakati wa kupandana, ila ni kwa asilimia ndogo sana, chini ya 4. Wanafunzi wangu hii ndo wataikumbuka, najua.

Ngoja niseme kimoja kuhusu sumu maana ndo lugha ya mashambani. Silidi wenye Liberibacter wanakufa kirahisi zaidi kwa viuatilifu kuliko wazima. Watafiti wa Florida walipochunguza mwaka 2011 wakakuta vimeng'enya vya kusafisha sumu viko chini, zikiwemo jeni za familia ya P450 ambazo kusoma kwake kumepungua. Ukiwaza haraka unafurahi, wagonjwa wanakufa kwanza. Ukiwaza taratibu unaona upande wa pili, wanaobaki baada ya kupiga dawa ndo wale wenye vimeng'enya vizuri, na watoto wao watakuwa hivyo, na hao nao wakipata bakteria kesho wanaanzia juu. Kwahiyo kupiga dawa ile ile kila wiki kwa bomba la mgongoni ni kuchagua mbegu ya wadudu sugu. Ukipiga, badilisha kundi la dawa, sio jina la chupa. Duka la pembejeo wanaweza kukuuzia chupa tatu za majina tofauti zenye kiambato kimoja, soma kile kiandishi kidogo.

Haya, na huku kwetu? Griningi sio mgeni Afrika Mashariki, ila tuliyekua naye ni wa aina nyingine. Kuna Liberibacter africanus, huyu hapendi joto, na mdudu wake ni Trioza erytreae, ambaye 1965 Waafrika Kusini ndo walithibitisha kwamba anaambukiza. Trioza naye anapenda ubaridi, ndo maana ugonjwa huo ulikua wa milimani. Utamjua kwa majani, watoto wake wanachimba vishimo upande wa chini na juu ya jani yanatokea matuta matuta. Sisi wa chini huku, Muheza, pwani ya Kenya, joto lilikua linatulinda bila sisi kujua. Diaphorina na Liberibacter wa Asia wao joto halina habari nao. Na Diaphorina kashaonekana Tanzania, Morogoro, taarifa zilichapishwa 2016, alafu Kenya 2017, na mwaka 2020 bakteria wa Asia akaripotiwa ndani ya silidi hao pwani ya Kenya. Ethiopia huyo bakteria alishafika tangu nyuma, na huko kakutwa mpaka ndani ya Trioza. Yaani mdudu wetu wa milimani naye anaweza kumbeba mgeni.

Ukiangalia malori ya machungwa yanayotoka Muheza kwenda Mombasa kila msimu, na majani yaliyotandikwa chini na juu ya mzigo, unaona kabisa barabara ilivyo wazi. Alafu kuna ule mti wa majani ya kari ulio nyuma ya majiko mengi ya pwani. Silidi anaupenda sana. Hakuna mtu anayepiga dawa mti wa kari, na usipige, unakula majani yake, ila ukague.

Kujua mti unaumwa nako kuna shida yake. Usiangalie rangi ya tunda, machungwa ya pwani yanaiva yakiwa kijani kwasababu usiku wetu hauna baridi, kwahiyo kijani hapa hakikwambii kitu. Chukua jani lenye mabaka ya njano, likunje katikati kufuata mshipa mkubwa. Kama mabaka ya kushoto yanalingana na ya kulia, mara nyingi ni upungufu wa virutubisho, zinki mfano. Kama hayalingani, kila upande na ramani yake, wasiwasi uanze. Kisha kata tunda kwa urefu, kama limepinda upande mmoja na mbegu zimesinyaa na kuwa nyeusi, wasiwasi uongezeke. Jibu kamili ni kipimo cha DNA, maabara.

Lakini mpaka uone hayo mabaka umeshachelewa, na hapa narudi kwa watoto maana ndo kitovu cha jambo zima. Mti unaweza kukaa miezi, hata miaka, na ugonjwa bila kuonyesha dalili. Ila chipukizi moja aliloambukiza jike wakati anataga linaweza kuwa tayari kuambukiza ndani ya siku 10 mpaka 15, hiyo ilichapishwa 2015. Na mayai yake yako wapi? Kwenye chipukizi hilo hilo. Jike anaacha bakteria na mayai sehemu moja, watoto wanaanguliwa wanamkuta, wanamnywa wakiwa kwenye umri ule ambao utumbo wao haukatai, wanakua, wanaruka. Mti mzima bado ni kijani na mwenye shamba anasifia mvua. Kizazi kizima kimepita bila jani hata moja kugeuka njano.

Kwahiyo ukiniuliza mi nguvu iende wapi, nitakwambia kwenye vichipukizi, vile vya mwanzo wa vuli na mwanzo wa masika, ule wakati miti yote inachipua kwa pamoja. Kagua kipindi hicho. Hao watu wa RNAi nao huko ndo wanakoelekea, jeni za kuzima kwenye mdudu kabla hajawa mkubwa, ila hiyo bado iko kwao maabara, wewe na mimi tuna lenzi na kucha. Na miche, jamani miche, usinunue mche uliobebeshwa wa barabarani ambao hujui kikonyo (kile kijiti cha kubebeshea) kimekatwa kwenye mti gani, kikonyo kikitoka kwenye mti wenye ugonjwa hapo hata mdudu hahitajiki.

Mjomba nilimrudishia jibu lake kwa simu, kwa urefu, na salio likaisha katikati nikaunga bando nikaendelea. Nikamwambia mkubwa anaumwa tumbo, mtoto haumwi, na mama anazaa zaidi akiwa mgonjwa. Kanyamaza kidogo. Akasema, "Kwahiyo mimi nilikua nawafukuza wale wakubwa wanaoruka, kumbe wenyewe wamekaa." Saivi kaagiza lenzi, anataka ile ya kukuza mara kumi, na kaniambia nimtafutie na mtu wa maabara maana kuna mti mmoja upande wa mtoni jani lake likikunjwa halilingani.